Paul Müller: Mkemia aliyetafuta dawa ya kudumu

MKULIMA wa mikorosho wa Tandahimba, Newala au Masasi anaponunua dawa ya mbu wa mikorosho hupima mambo matatu: kama inaua, inadumu muda gani na bei yake. Vipimo hivyo vilikuwa miongoni mwa alivyojiwekea Paul Hermann Müller wa Uswisi alipoanza kutafuta dawa ya wadudu mwaka 1935. Alitaka pia isiwadhuru watu na isiwe na harufu mbaya.

Müller alizaliwa Olten Januari 12, 1899. Aliacha shule na kuwa msaidizi wa maabara viwandani, kisha akarudi masomoni na kupata shahada ya udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Basel mwaka 1925. Mwaka huo aliajiriwa na Geigy, kampuni ya rangi, kemikali na dawa mjini humo. Alianza na kemikali za kutengeneza ngozi, akaendelea na dawa ya kukinga nguo za sufu dhidi ya nondo na ya kutibu mbegu.

Utafiti wa dawa ya wadudu ulikuwa wa subira. Kwa miaka minne alijaribu kemikali 349 kwa inzi waliofungiwa ndani ya kisanduku, zote zikashindwa. Kampuni iliendelea kumlipa bila kuuza chochote kutokana na kazi hiyo. Septemba 1939 alijaribu DDT, kemikali iliyotengenezwa mwaka 1874 na Othmar Zeidler bila kujulikana kuwa inaua wadudu. Inzi walikufa. Hata kisanduku kiliposafishwa, inzi wapya waliogusa kuta zake walikufa.

Hataza ilikuwa ya Geigy, si ya Müller. Uswisi iliitumia dhidi ya mbawakawa wa viazi, na mwaka 1944 ilisaidia kuzima tifasi, homa inayoenezwa na chawa, mjini Naples, Italia. Baadaye nyumba za Zanzibar zilipuliziwa DDT kupambana na malaria. Mwaka 1948 Müller alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba, ingawa hakuwa daktari wa binadamu.

Lakini sifa iliyoiuza ndiyo iliyoigharimu. DDT haikuoza upesi. Ilibaki ardhini, ikajikusanya katika mafuta ya wanyama na kupunguza unene wa maganda ya mayai ya ndege. Wadudu nao wakawa sugu. Inzi sugu walionekana Ulaya kabla ya mwaka 1950. Marekani iliipiga marufuku mashambani mwaka 1972. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiruhusu kwa wadudu waenezao magonjwa tu.

Müller alistaafu mwaka 1961 na kufariki Oktoba 13, 1965. Geigy iliungana na Ciba mwaka 1970, na mwaka 1996 Ciba-Geigy na Sandoz zikazaa Novartis, kampuni iliyoleta dawa ya mseto ya malaria ijulikanayo nchini kama ALu.

Kwa mkulima wa korosho, maisha yake yanaongeza swali la nne dukani: dawa ikishaua mdudu, inakwenda wapi? Jibu huanzia kwenye lebo, penye kiasi cha kupulizia na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kubadilisha aina ya dawa nako huchelewesha usugu, na kuokoa fedha za msimu ujao.