Alexander von Humboldt na Mwamba wa Mama

Wengi wetu tulilisikia jina la Humboldt katika somo la jiografia, kwa sababu ya mkondo wa bahari unaoitwa kwa jina lake. Alizaliwa Berlin tarehe 14 Septemba 1769, akawa mkaguzi wa migodi. Mama yake alipofariki mwaka 1796 alirithi mali ya kutosha kugharimia safari. Mfalme Carlos IV wa Hispania akampa kibali cha kuyatembelea makoloni yake ya Amerika, naye akaondoka mwaka 1799 pamoja na Mfaransa Aimé Bonpland, mtaalamu wa mimea.

Julai mwaka huo walifika Cumaná, katika Venezuela ya leo. Nyumba waliyopanga ilitazama uwanja wa kuuzia Waafrika. Walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 20. Kila asubuhi walipewa mafuta ya nazi wajipake ngozi ing'ae, na wanunuzi waliwafungua vinywa wakague meno, kama wafanyavyo kwa farasi. Humboldt alikuwa amebeba vyombo vya kupimia nyota. Chini ya dirisha lake kulikuwa na soko hilo.

Mwaka 1800 waliupanda mto Orinoco kwa mtumbwi, wakathibitisha kwamba mto Casiquiare unauunganisha na Rio Negro. Aliyewasindikiza ni padri mmisionari, Bernardo Zea, ingawa homa zilimsumbua njia nzima. Humboldt hakuwa Mkatoliki, lakini ukarimu wa wamisionari aliuandika bila kinyongo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatuwezi kusema alitutafutia makosa aliposimulia habari za mwamba mmoja wa mto Atabapo, ulioitwa Mwamba wa Mama. Tena aliyemweleza ni mmisionari.

Mwaka 1797 padri wa misioni ya San Fernando aliwaongoza watu wake kuteka wenyeji, ili misioni iongezeke. Wakamkuta mama wa kabila la Waguahibo, wakamchukua na watoto wake. Alitoroka nao mara kadhaa. Kila mara alirudishwa na kuchapwa. Ndipo wakaamua kumtenga na watoto. Akiwa amefungwa mtumbwini, alikata kamba, akajitupa majini, mkondo ukamfikisha mwambani. Wakamkamata, wakamlaza juu ya mwamba ule wakamchapa. Katika misioni ya Javita alitoroka tena usiku, akapenya msitu uliofurika maji ya mvua, na siku ya nne akaonekana akizungukazunguka nyumba walimokuwa wanawe. Hawakumwachia. Walimpeleka misioni nyingine ya mbali, na huko alikataa chakula hadi akafa.

Nikiwa katika malezi ya upadri, sioni namna ya kuipunguza habari hii makali. Huenda padri yule aliamini anaokoa roho.

Mwaka 1826 Humboldt alichapisha kitabu kuhusu Kuba, chenye hesabu za sukari na za watu, na ndani yake akaushutumu utumwa waziwazi. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka New York mwaka 1856 iliiacha sehemu hiyo. Mzee wa miaka 86 akalalamika magazetini: sehemu ile aliithamini kuliko vipimo vyake vyote. Mwaka uliofuata Prussia ilipitisha sheria aliyoipigania, kwamba mtumwa akikanyaga ardhi yake amekuwa huru. Humboldt alifariki Berlin tarehe 6 Mei 1859.