Padri aliyefundisha kwa mikono

Ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo, sikilizeni habari za Mtakatifu Petro Claver. Alizaliwa mwaka 1580 huko Verdú, katika nchi ya Hispania. Mwaka 1602 aliingia shirika la Wayezuiti, na mwaka 1610 akavuka bahari hata mji wa Cartagena, katika nchi iitwayo leo Kolombia. Huko alipewa upadri mwaka 1616.

Bandari ile ilikuwa soko la watu. Merikebu zilileta watumwa kutoka Guinea, Angola na Kongo, wamefungwa minyororo, na wengi walikufa njiani. Waliobaki waliamini kwamba wameletwa ili waliwe. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo atasikiaje habari za Mungu?

Sikukuu ya Utatu Mtakatifu, tarehe 30 Mei 1627, merikebu kubwa iliwasili. Claver na mwenzake walikwenda mbio, wamechukua vikapu viwili vya machungwa, malimau na biskuti. Wakakuta wagonjwa wamelala uchi matopeni, juu ya vigae na vipande vya matofali. Hawakuanza kwa mafundisho. Walivua majoho yao, wakatafuta ghalani vitu vya kutengeneza ulingo, wakawahamishia wagonjwa juu yake. Wawili walikuwa karibu kufa, miili imekwisha poa. Claver akakusanya makaa ya moto kwa kigae, akatia manukato motoni, akawafunika kwa majoho yale hata joto likawarudia. Walipomtazama, macho yao yalijaa furaha. Kisha akapiga magoti, akawaosha nyuso na miili kwa divai. Baadaye tu, kwa msaada wa wakalimani na picha, aliwafundisha imani. Mimi mwalimu wenu napenda mno chaki na ubao. Kila nisomapo habari hizi naona haya kidogo.

Biashara ile mbaya hakuweza kuikomesha. Lakini tangu mwaka 1622 alikuwa ameweka nadhiri ya kuwa mtumwa wa watumwa hao maisha yake yote, naye akaitimiza.

Miaka yake ya mwisho alishikwa na maradhi, mikono ikatetemeka hata asiweze kusoma Misa. Mtu aliyewekwa kumtunza alimwacha mara nyingi bila msaada, Claver hakumshtaki. Alikufa tarehe 8 Septemba 1654. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1888.