Louise Pearce, munganga aliyeifikisha dawa ndani ya ubongo wa wagonjwa wa usingizi

GOMA – Katika kata ya Katindo, kama katika kata nyingine za mji wa Goma, mtu akianza kulala mchana kutwa na kukesha usiku, akasema maneno yasiyo na mpango na kupotea njia ya kwake, jirani mmoja atasema amerogwa na mwingine atasema ni kichaa. Miaka 100 iliyopita, katika sehemu nyingi za Kongo, mtu wa namna hiyo mara nyingi alikuwa na vijidudu ndani ya ubongo. Mwaka 1920 mwanamke mmoja alitoka Marekani peke yake, akiwa na umri wa miaka 35, akaja kuwatafuta wagonjwa hao na dawa mpya mkononi.

Jina lake ni Louise Pearce. Alizaliwa tarehe 5 Machi 1885 huko Winchester, jimbo la Massachusetts, na akakulia California. Alisoma chuo kikuu cha Stanford, kisha akapata shahada ya unganga huko Johns Hopkins mwaka 1912. Mwaka uliofuata aliingia Taasisi ya Rockefeller mjini New York, kama msaidizi wa Simon Flexner. Wakati huo kazi ya utafiti pale ilikuwa ya wanaume. Yeye alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hiyo.

Ili kuelewa alichokifanya, tuanze na ugonjwa wenyewe. Malale, yaani ugonjwa wa usingizi, huletwa na kijidudu kinachoitwa tripanosoma, ambacho mtu hukipata akiumwa na nzi wa tsetse. Hapo mwanzo kijidudu hukaa katika damu na tezi: homa, kichwa kuuma, shingo kuvimba. Baada ya miezi, hata miaka, kinaingia katika ubongo. Hapo ndipo usingizi unageuka, mtu anabadilika tabia, anashindwa kutembea, na mwisho anazimia na kufa. Goma tunaishi juu, na wengi wetu tunaujua ugonjwa huu kwa jina tu, lakini bonde la Semliki, ndani ya jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini, lilikumbwa nao. Hata mmoja wa wanganga waliokigundua kijidudu chenyewe katika damu ya watu, Mwingereza Joseph Dutton, alikufa mwaka 1905 huko Kasongo, Maniema, akiwa kazini. Yeye aliuawa na homa nyingine.

Dawa ilikuwapo, inaitwa atoksili, yenye arseniki, ambayo ni sumu. Mjerumani Robert Koch aliitumia katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 na 1907. Ilisafisha damu, lakini ubongoni haikufika vizuri, na zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka.

Huko New York, wakemia Walter Jacobs na Michael Heidelberger walitengeneza dawa nyingine ya arseniki, triparsamaidi. Pearce na mwenzake Wade Brown waliijaribu kwa panya, sungura na wanyama wengine, na mwaka 1919 matokeo yakatangazwa. Kilichobaki ni binadamu.

Ndipo akaja Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wabelgiji walimpa hospitali na laboratwari, na akawatibu wagonjwa 77. Wengi vijidudu vilitoweka katika damu ndani ya siku chache, na hata baadhi ya wale ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kuwaharibu akili walianza kurudiwa na fahamu, kula na kunenepa. Aliendelea kuwafuata, akipima damu na maji ya uti wa mgongo, maana damu safi peke yake haithibitishi kwamba ubongo umepona. Kwa maoni yangu, uvumilivu huo wa kupima tena na tena ndio ukubwa wake, kuliko safari yenyewe ambayo watu hupenda kuisimulia.

Majina ya wale 77 hayajulikani kama lake. Tusisahau nao waliishi chini ya ukoloni: serikali iliwapima watu kwa lazima, ikawatenga wagonjwa katika lazareti, na kusafiri kulihitaji karatasi ya munganga.

Dawa ilienea, na ubaya wake ukaenea nayo. Triparsamaidi iliweza kuharibu mshipa wa macho, hasa ikizidishwa. Huko Bafia, Kamerun, munganga mmoja katika kikosi cha Mfaransa Eugène Jamot aliongeza kipimo, na watu wapatao 700 wakapofuka. Jamot mwenyewe aliondolewa kazini kwa sababu hiyo. Hata hivyo kwa miaka mingi wagonjwa wa hatua ya ubongo hawakuwa na dawa nyingine ya kutegemea. Marekani iliitumia pia kwa kaswende iliyofika ubongoni.

Pearce aliendelea na utafiti wa kaswende na kansa kwa sungura, akafundisha Beijing, na kati ya 1946 na 1951 akaongoza chuo cha unganga cha wanawake Pennsylvania. Mwaka 1953 Ubelgiji ilimwita, ikampa Tuzo ya Mfalme Leopold II pamoja na dola 10,000. Mwenzake Brown alikuwa amekwisha kufa mwaka 1942. Pearce alifariki tarehe 10 Agosti 1959, mjini New York.

Dawa yake haitumiki tena. Vijidudu viliizoea, na kutoka mwaka 1949 ikaja melarsoproli, ambayo wengi RDC waliijua kama Arsobal, nayo ya arseniki. Iliunguza mishipa, na karibu wagonjwa 5 kati ya 100 iliwaua yenyewe. Mwaka 1998 wagonjwa zaidi ya 26,000 waligunduliwa nchini mwetu. Kufikia 2018 Afrika nzima ilikuwa na chini ya 1,000.

Mwaka huohuo wa 2018, mwezi wa Desemba, RDC ilikubali feksinidazoli, baada ya majaribio yaliyoongozwa na munganga Mkongomani Victor Kande. Ni vidonge vya siku 10, bila sindano, na vinafika ubongoni. Walio katika hali mbaya sana bado hutundikiwa dawa hospitalini. Sharti moja ni kwamba mgonjwa avimeze akiwa amekula, maana tumbo likiwa tupu dawa haiingii mwilini ya kutosha.