Mjue Kirilo Japhet, Mmeru aliyeishtaki serikali ya mkoloni mpaka New York

Haya wadau, leo tutoke kidogo huku Tunduma twende Meru, maana kila siku hapa mnauliza hivi mwananchi akinyang'anywa shamba na serikali anakimbilia wapi? Kuna mtu alijibu swali hilo zamani sana, kabla hata ya TANU. Anaitwa Kirilo Japhet, marehemu sasa.

Kisa chenyewe kilianzia kwa Wajerumani, waliogawa ardhi kibao chini ya mlima Meru kwa walowezi. Wameru wakabanwa. Waingereza walipochukua nchi wakaleta sheria ya ardhi ya 1923, kwamba ardhi yote iko chini ya gavana. Halafu ikaja ripoti ya Jaji Mark Wilson ya 1947, ikashauri eneo la Engare Nanyuki liwe la wazungu watupu. Yaani mtu kalima, kazaa, kazika wazazi pale, anaambiwa ahamie King'ori!

Wameru waligoma. Novemba 1951, enzi za Gavana Twining, wakaja askari. Watu kama 3,000 walitolewa, nyumba zikachomwa moto. Mimi hapo ndo huwa nashindwa kuelewa, kwa sababu Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, Uingereza ilikabidhiwa tu na Umoja wa Mataifa iilee.

Na hapo ndipo Kirilo na wenzake walipoona mwanya. Kwenda mahakama ya gavana kumshtaki gavana ni kupoteza muda, lakini nchi ya udhamini ilikuwa na haki ya kupeleka malalamiko Baraza la Udhamini. Wakachangishana hela, wakulima wa kawaida tu wa kahawa na ndizi. Wakamweka mwanasheria, Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi. Kirilo, kijana aliyekuwa katibu wa umoja wa raia wa Meru, ndiye akachaguliwa kwenda.

Julai 1952 akasimama New York mbele ya baraza. Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo, miaka karibu mitatu kabla ya Nyerere kwenda pale Machi 1955. Baraza likasikitika tu na jinsi watu walivyohamishwa, basi. Hakurudi nyumbani, akasubiri Baraza Kuu. Desemba kura zikapigwa, waliowatetea Wameru wakawa wengi kuliko waliopinga, ila theluthi mbili haikufika. Kesi ikaanguka hivyo hivyo.

Ila jamaa hakukaa kimya. Aliporudi alizunguka nchi akiwaeleza watu yaliyompata, na wengi ndo kwa mara ya kwanza wakasikia kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa. TANU ikazaliwa Julai 1954. Mwaka 1967 yeye na Seaton wakatoa kitabu cha kesi hiyo. Ardhi nayo? Wazungu wale waliondoka baadae na Wameru wakarudi Engare Nanyuki.

Sheria za ardhi za 1999 bado zinasema ardhi ni ya umma na Rais ni mdhamini. Kwa hiyo wadau wa Mbozi, Momba na Ileje, mnaoyajua mashamba ya walowezi wa kahawa ya huku kwetu, wazee wenu walilalamika wapi? Tiririkeni hapo chini.