Maisha ya Harold Ridley, Tabibu wa Macho

Mwaka jana bibi yangu mzaa mama, akaaye hapa Gisenyi, alikuwa akinitambua kwa sauti tu, maana macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Tukampeleka Kabgayi, akapasuliwa. Alipofunguliwa bandeji alizicheka ndevu zangu, kwani hakujua kuwa zimeota. Tabibu akanionyesha lenzi ya plastiki, ndogo kama punje ya dengu, mfano wa ile aliyotiwa jichoni. Ndipo nikaanza kutafuta habari za mtu aliyeianzisha kazi hiyo.

Harold Ridley alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akawa tabibu wa macho mjini London. Mwezi wa Agosti 1940 rubani mmoja wa vita, jina lake Gordon Cleaver, alipigwa risasi angani, na vipande vya dirisha la ndege vikamwingia machoni. Dirisha hilo lilikuwa la plastiki iitwayo Perspex. Ridley, aliyemtibu, akaona ajabu: vipande vile vilikaa jichoni vimetulia, bila kuleta uvimbe.

Siku zile mgonjwa wa mtoto wa jicho aliondolewa lenzi iliyoharibika, wala hakutiwa nyingine. Akabaki na miwani minene kama chini ya chupa. Baada ya vita mwanafunzi mmoja akamwuliza Ridley kwa nini harudishi kitu mahali pake. (Tusiogope kuuliza darasani!)

Ridley peke yake asingeweza. Alijua jicho, lakini hakujua kuchonga lenzi. Akamwendea John Pike wa kampuni ya Rayner, wakazungumza wamekaa garini. Pike naye hakuwa na plastiki safi ya kutosha, akamwendea John Holt wa kampuni ya ICI, naye akatengeneza Perspex iliyo safi kuliko ile ya ndege. Tena hawakutaka faida.

Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', Ridley alimtia mwanamke mmoja lenzi ya kwanza. Ilikuwa nzito, tena yenye nguvu kupita kiasi. Jambo hilo likafichwa hadi 1951. Lilipotangazwa, wakubwa wa utabibu wa macho walimpinga vikali. Mimi sisemi walikuwa wajinga wote, kwa sababu lenzi nyingine ziliteleza kweli, na Ridley mwenyewe mwishowe akaacha kuzitia. Miaka mingi alikaa na huzuni, huku wengine wakiitengeneza kazi yake.

Alipozeeka naye akapata mtoto wa jicho. Akatiwa lenzi macho yote mawili, katika hospitali ile ile ya St Thomas'. Malkia alimpa cheo cha Sir mwaka 2000, naye akafa mwaka 2001, kabla sijazaliwa.

Bibi siku hizi huchambua maharagwe mwenyewe, na mawe niliyokuwa nikiyaacha mimi huyaona yote.