Joy Adamson, Mama wa Simba wa Sinema

Kwetu nyumbani tunaye mbwa aitwaye Simba. Kazi yake ni kulala mchana na kubwekea matatu jioni. Siku moja niliwasimulia wenzangu darasani habari za Rin Tin Tin, mbwa aliyeokotwa vitani Ufaransa mwaka wa 1918 akapelekwa Marekani, akawa nyota wa sinema aliyejulikana dunia nzima. Walicheka hadi machozi yakawatoka. Jamaa mmoja aliniuliza huyo Simba wetu ataanza kuigiza lini. Sikukasirika. Niliwajibu kwamba hakuna haja ya kwenda mbali. Nyota wa miguu minne alitoka hapa hapa Kenya, na mama aliyemlea aliishi kando ya ziwa letu la Naivasha. Hawakuniamini, ndiposa nimeshika kalamu.

Mama huyo ni Joy Adamson. Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizo ulikuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Leo unaitwa Opava, nao uko nchi ya Cheki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka wa 1937. Jina la Joy, maana yake furaha, alipewa na mume wake wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Joy alianza kuchora maua na mimea ya nchi yetu. Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia ya picha. Kwa hivyo wale wanaodhani kuwa alijua simba peke yake wanakosea.

Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyama wa porini huko kaskazini, Isiolo. Tarehe 1 Februari 1956, George alishambuliwa na simba jike, naye akampiga risasi. Kumbe maskini alikuwa akilinda watoto wake! Watatu walipatikana, wadogo kabisa. George aliwabeba hadi nyumbani kwa mkewe. Wawili wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama mjini Rotterdam, Uholanzi. Yule mdogo kuliko wote alibaki. Huyo ndiye Elsa.

Kumlea mtoto wa simba si ajabu sana. Ajabu ni kumrudisha porini. Elsa alikuwa amezoea kulishwa, hakujua kuwinda. Joy na George walimpeleka Meru, wakamfundisha pole pole hadi akaweza kujitafutia chakula. Mwezi wa Desemba 1959 alizaa watoto watatu porini, na bado alikuwa akija kuwatembelea wazazi wake wa kibinadamu. Lakini furaha haikudumu. Mnamo Januari 1961 Elsa alikufa kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Simba mzima, mwenye kucha na meno, akaangushwa na kadudu kadogo! Alizikwa huko huko Meru.

Kitabu cha Joy kuhusu Elsa kilitoka mwaka wa 1960, na filamu yake, Born Free, ikatoka mwaka wa 1966. Ilipigwa papa hapa Kenya, na ilipata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake. Virginia McKenna aliigiza kama Joy, na mumewe, Bill Travers, kama George. Elsa mwenyewe hakuigiza, kwani alikuwa amekufa miaka mitano kabla. Simba wengine walishika nafasi yake.

Hapa ndipo nilipoanza kujiuliza: kazi ikiisha, nyota wa miguu minne huenda wapi? Wengi wa simba wale walipelekwa kufungiwa katika bustani za wanyama. George aliweza kuwarudisha watatu porini, nao ni Boy, Girl na Ugas. Yuko pia ndovu mdogo wa Kenya aliyeitwa Pole Pole. Aliigiza na akina McKenna katika filamu nyingine, kisha akapelekwa London. Alikufa huko mwaka wa 1983. Kifo hicho kiliwauma sana McKenna na Travers, na mwaka uliofuata wakaanzisha chama cha kutetea wanyama waliofungiwa.

Nilipomsomea mama habari hizi, hakufurahi. Mjomba wangu, mvuvi, aliumizwa na kiboko na mpaka leo anachechemea. Mama aliniuliza mbona watu hulia kwa ajili ya simba na hakuna aliyemlilia mjomba. Nilinyamaza. Sisi wa shule ya kutwa tunajua kutembea jioni huku tukisikiliza vichakani.

Tena Joy hakuwa malaika. Inajulikana kwamba alikuwa mkali kwa wafanyakazi wake. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa huko Shaba, alikokuwa akimlea chui. Mwanzoni ilisemekana ameuawa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha kuwa ni mkono wa binadamu. Kijana aliyekuwa amemfanyia kazi ndiye aliyehukumiwa. Naye Boy, yule simba wa sinema, alimuua mfanyakazi wa George mwaka wa 1971, ikabidi George ampige risasi kwa mkono wake. George mwenyewe aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989.

Nyumba yao ya Naivasha, Elsamere, ipo hadi leo, na wageni huitembelea. Tulipoenda na chama chetu tuliona mbega wakiruka mitini na vitu vya Joy vikiwa vimehifadhiwa. Niliporudi nilimwuliza mjomba kama anawachukia viboko. Alinishangaza. Alisema hapana, kwani ziwa lilipopungua watu walilima pale kiboko alipopitia kwenda malishoni, naye mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Mama alisikia, akaendelea kuchambua sukuma wiki bila kusema neno.

Funzo nililopata ni kwamba mnyama anahitaji nafasi yake zaidi ya sifa, na binadamu anayemtunza anahitaji heshima vile vile. Joy alilijua la kwanza vizuri sana. La pili lilimshinda.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Simba wetu anabweka, nadhani matatu ya mwisho imefika.