Posada: Mchoraji wa mafuvu ambaye kaburi lake halijulikani lilipo

Kila mwaka ifikapo Novemba 2, watu wa Mexico huwakumbuka marehemu wao. Makaburi husafishwa na kupambwa kwa maua, na mitaani huonekana picha ya fuvu la mwanamke anayecheka, kichwani amevaa kofia pana yenye manyoya ya ndege. Picha hiyo leo inajulikana karibu dunia nzima. Lakini aliyeichora, José Guadalupe Posada, alikufa maskini, na hakuna anayeweza kuonyesha mahali ilipo mifupa yake.

Mtoto wa mwoka mikate

Posada alizaliwa Februari 2, 1852 katika mji wa Aguascalientes. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Kaka yake Cirilo, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyemfundisha kusoma na kuchora. Alipokuwa kijana aliingia katika karakana ya mpiga chapa José Trinidad Pedroza ili ajifunze kazi.

Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, alichora vibonzo katika gazeti dogo la El Jicote, lililowakejeli wakubwa wa eneo lake. Gazeti hilo halikudumu. Mwaka uliofuata yeye na Pedroza walihamia mji wa León, ambako Posada aliendelea na kazi ndogondogo za kupiga chapa, zikiwemo picha za watakatifu na lebo za viberiti. Mwaka 1888 mafuriko makubwa yaliua watu wengi mjini León. Posada akaenda kutafuta maisha katika mji mkuu, Mexico City.

Karatasi ya senti moja

Huko alifanya kazi na mchapishaji Antonio Vanegas Arroyo, aliyekuwa akitoa karatasi za bei ya chini kabisa. Juu kulikuwa na picha, chini kulikuwa na habari fupi au mashairi. Nyingi ziliuzwa senti moja tu. Wachuuzi walizunguka nazo masokoni na kwenye sikukuu, wakizinadi kwa sauti.

Wakati huo Wamexico wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo picha ilibidi ieleze jambo lenyewe: tetemeko la ardhi, mauaji, muujiza, au nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1910. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake. Kwa namna hiyo, senti ya mtu mmoja iliwapasha habari watu wengi.

Kazi ya mkono

Kwanza Posada alichonga picha kwa kifaa chenye ncha kali kwenye kipande cha metali laini. Sehemu iliyochongwa ilibaki nyeupe, na iliyobaki juu ilishika wino.

Baadaye alitumia njia ya haraka zaidi. Alichora kwenye bamba la zinki kwa wino usioliwa na tindikali, kisha bamba likatiwa ndani ya tindikali. Tindikali ilikula mahali pasipo na wino, na mistari ya picha ikabaki imeinuka. Ilibidi achore kila kitu kinyume, kama kinavyoonekana kwenye kioo, ili kitoke sawa karatasini. Bamba moja liliweza kutoa karatasi nyingi sana, na ndiyo maana bei ilikuwa ndogo.

Mafuvu yanayocheka

Kuchora mafuvu hakukuanza na yeye, lakini yeye ndiye aliyeyapa uhai. Katika picha zake mifupa inaendesha baiskeli, inacheza dansi, inapigana na kulewa. Tajiri na mchuuzi wote ni mifupa, kwani kifo hakibagui.

Yule mwanamke mwenye kofia alikuwa kejeli kwa watu wenye asili ya Kihindi walioikana asili yao na kujifanya Wazungu. Karatasi yenye picha yake ilitoka mwaka 1913, na siku hizi anaitwa La Catrina.

Kifo na baada yake

Posada hakusubiri kuiona sifa hiyo. Alifariki Januari 20, 1913, wakati nchi ikiwa katika mapinduzi, akazikwa katika kaburi la maskini kwenye makaburi ya Dolores. Miaka saba baadaye, kwa kuwa hakuna aliyekuja kudai mifupa yake, ilifukuliwa na kutupwa katika shimo la pamoja.

Katika miaka ya 1920 msanii mzaliwa wa Ufaransa, Jean Charlot, aliziona karatasi hizo, akafuatilia zilikotoka na kuandika juu ya mchoraji wake. Mwaka 1947 mchoraji maarufu Diego Rivera alimchora Posada kwenye ukuta wa hoteli moja jijini Mexico City, akiwa ameshikana mkono na La Catrina.

Sasa kila Novemba watu hujipaka nyuso zao zifanane na fuvu lile, wakaenda kupamba makaburi ya jamaa zao. La Posada halipo la kupambwa.